Mafundi Watatu Kabla ya Kapkatet

Wenzangu wa kikundi cha akina mama kanisani, na wewe jirani uliyenikamulia ng'ombe, mmeniuliza mara nyingi ni Kapkatet ipi hiyo iliyonichukua zaidi ya wiki mbili. Kutoka hapa Njoro, mtu akiamka na jogoo anafika kabla ya chakula cha mchana. Kila nikianza kueleza, Baba Moraa anaingilia kati na mambo yake ya injini, nanyi mnaondoka mkijua kidogo kuliko mlivyokuja. Basi nimeamua kuandika. Yeye hajayasoma haya, na akiyasoma atasema nimemwonea.

Baba Moraa ni mume wangu, Mokua. Alipostaafu kazi ya maabara ya shule, wenzake walinunua ng'ombe. Yeye alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akalitia kitanda, jiko la gesi na sinki ndogo. Nilishona mapazia ya maua kwa mikono yangu kabla sijajua ninashiriki dhambi gani. Tangu hapo kila likizo hatulali nyumbani, tunalala kando ya barabara kama watu waliofukuzwa.

Safari hii lakini haikuwa ya kutembea. Dada mkubwa wa mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini Kapkatet, na Alhamisi asubuhi alitakiwa kupasuliwa tumbo. Alikuwa amekataa katakata. Alisema haingii chumba cha upasuaji mpaka amwone mdogo wake kwa macho, na asipomwona wamrudishe nyumbani akafe na ng'ombe zake. Daktari alikuwa amesema tumbo lile halina subira ya wiki nyingine. Mama yangu naye ana nyonga mbovu, na kwenye matatu hutapika kabla kondakta hajagonga mlango. Tukabaki na gari la mikate.

Hapo ndipo penye kasheshe. Mume wangu ni Mkisii, na kwao mkwe na mama mkwe hawaangaliani machoni, hawashikani mikono, na kitanda cha mmoja mwenzake hakioni hata kwa bahati mbaya. Sisi Wakipsigis tuna heshima zetu pia, na Mama alipoona anaheshimiwa kiasi hicho akaongeza za kwake. Kwa miaka thelathini wawili hao wamezungumza kupitia kwangu, hata wakiwa sebule moja. "Mama Moraa, mwambie Kogo chai iko tayari," Mokua husema, na huyo Kogo, yaani nyanya kwa Kipsigis, ni Mama aliyeketi pale pale, kikombe mkononi. Sasa utamsafirishaje mama mkwe ndani ya chumba cha kulala cha mkwe wake?

Mama alifikiri usiku mzima, akatoa hukumu asubuhi. "Ikitembea ni gari. Ikisimama ni nyumba ya watu, na mimi nitashuka."

Njoro mpaka Kericho

Tuliondoka Jumanne. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki nilichokifunga kwa kamba nyuma ya dereva, kitanda kikiwa mgongoni pake na pazia limevutwa. Mapajani alishika kigoda chake, ambacho alishuka nacho kila injini ilipozimwa. Alikuwa pia amenikabidhi kibuyu kikubwa cha mursik, maziwa lala ya majuma mawili, ya kumpelekea dada yake aliyelalamika kwamba maziwa ya hospitalini hayana ladha. Nilikisukuma kwenye kabati iliyo chini ya kitanda nikamwambia kiko salama. Yeye hakuweza kwenda kuhakikisha kwa sababu ya kitanda. Mokua hakuweza kugusa kwa sababu kibuyu ni cha mama mkwe.

Pale Mau Summit tulisimama ninunue karoti. Mama akashuka na kigoda, akaketi kando ya mafungu ya karoti apumzishe nyonga. Niliporudi kutoka upande wa viazi nilikuta watu wawili wanamuuliza bei naye anawajibu. Alikuwa ameshauza mafungu matatu, na mwenye karoti amesimama pembeni ameduwaa. Alitusihi tumwache mpaka jioni.

Tulipopita njia panda ya Londiani, ukungu ulikuwa mzito, na Mokua akapanda tuta ambalo halikupakwa rangi. Vyombo vyote viliruka. Mama akasema kwa Kipsigis, "Mwambie mume wako mimi si mkate." Sikutafsiri.

Baada ya hapo gari likaanza kunuka, harufu ya uchachu. Nilidhani ni karoti. Mama, aliniambia baadaye, alidhani ni soksi za mkwe wake. Mokua alidhani ni Kogo, na kwa heshima akafungua dirisha kidogo, kiasi cha kidole, watu wasije wakamwelewa vibaya. Hakuna aliyesema neno mpaka Kericho, na kimya hicho cha adabu kilitugharimu siku mbili.

Kericho: fundi wa ovaroli safi

Tulisimama mjini tunywe chai. Walituletea chai iliyojaa maziwa mpaka majani yenyewe yalikuwa uvumi tu, pamoja na chapati na ndengu nzuri sana. Mama alikula nje, kwenye kigoda. Kabla sijamaliza chapati ya pili, mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli ya bluu akainama mlangoni.

"Mzee, hiyo gari ya mapazia ni yako? Inamwaga kitu huku chini."

Tukatoka. Kweli, chini ya gari kulikuwa na kidimbwi kidogo cha rangi ya kijivu, kizito kizito, chenye vijipunje vyeusi. Yule bwana akachovya ujiti, akauinua juu kwa huzuni.

"Unaona? Hii ni oili imechanganyika na maji. Gasketi ya silinda imeenda, mzee. Pole."

Mokua akapiga magoti, akatazama, akatikisa kichwa kama daktari. "Hata mimi nilikuwa nimesikia mlio tangu Londiani."

Hakuwa amesikia mlio wowote. Namjua mume wangu. Amefundisha watoto wa watu kuchanganya asidi kwa miaka mingi, lakini mbele ya injini ni mtoto wa darasa la kwanza, na afadhali afe kuliko kukiri.

Gereji ilikuwa karibu, nyuma ya kituo cha mafuta. Yule fundi akaingia chini ya gari na spana moja, na kila alichokigonga kilikuwa kimeisha. Gasketi imeenda. Bushi zimeenda. Shoki zimeenda. Niliangalia ile ovaroli yake na nikaanza kuwaza. Ilikuwa safi, ina hata alama za pasi, na sijawahi kuona mtu wa kazi ya grisi anayepiga pasi.

"Mtaniachia gari mpaka Ijumaa jioni," alisema. "Nitafungua injini yote. Mkienda hivi itawafia njiani, na hapo mimi sitakuwa na makosa."

Mama alikuwa ameketi langoni na kigoda chake. Aliposikia Ijumaa aliinuka. "Dada yangu ni Alhamisi," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. Hilo ndilo lililonitia hasira. Nikarudi kwa fundi nikatabasamu vizuri, tabasamu la mkutano wa wazazi.

"Fundi, ukiwa hapo chini, hebu niangalilie difu ya mbele. Imekuwa ikinisumbua."

Akaingia tena. Tukasikia ko, ko, ko. Akatoka akijipangusa mikono iliyokuwa haijachafuka. "Mama, umejuaje? Hiyo difu ya mbele ndio mbaya kuliko zote. Imekauka kabisa."

Sasa, mimi sijui injini, lakini nimeolewa na mwenye gari hili miaka yote hiyo, na nimesikia kila jioni kwamba linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Difu, ile ya kuzungusha magurudumu, iko moja tu, nyuma. Mbele halina difu kama vile kuku hana meno. Nilimshika Mokua mkono nikamwambia tunaondoka.

"Lakini Mama Moraa, gasketi..."

"Hata kama ni gasketi, atakayeifungua si huyu."

Tulipotoka langoni nilimwona kwenye kioo akipiga simu. Nilidhani anampigia mke wake.

Kabianga

Tulikwenda polepole mpaka Kabianga, kwa Sally, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Anakaa karibu na chuo kikuu na ana chumba cha wageni, maana Mama hangeweza kulala kwenye gari hata kwa bunduki. Mvua ya mawe ilitushika getini. Sally alitupikia ugali wa wimbi na mboga chungu za kienyeji zilizolala kwenye maziwa, na Mama akala akasahau nyonga. Mokua aliegesha mbali kabisa, ng'ambo ya ua, ili hata kivuli cha gari kisiangukie dirisha la mama mkwe.

Jioni hiyo simu ikaja kutoka hospitalini. Ilikuwa Mama Mkubwa mwenyewe.

"Mko wapi?"

"Njiani," Mama akajibu.

"Njia gani hiyo? Mnakuja na ng'ombe?"

Mama alicheka, akakata simu. Walizaliwa wasichana watano. Wamebaki wawili. Nilimwona anafuta macho kwa ncha ya leso, nami nikaenda garini nikajifanya nakagua mapazia.

Mokua alikuwa kitandani anasoma simu, uso umesawijika. "Hapa wanasema gasketi ikienda halafu uendelee kuendesha, injini inakwama yote," aliniambia. "Itufie katikati ya majani chai, Kogo ataenda na nini? Nitamwangalia na uso gani?" Hajawahi kumwangalia kwa uso wowote, lakini nilielewa. Alikuwa anaogopa kweli, na si kwa ajili ya gari.

Fundi wa kompyuta

Jumatano asubuhi, kabla hatujafika barabara kuu, kulikuwa na gereji ndogo kwenye njia panda. Mwanamume mnene mwenye mvi kiasi akasimama katikati ya barabara akitupungia mkono, kana kwamba tulikuwa na miadi.

"Karibuni! Mimi sibahatishi. Mimi natumia kompyuta."

Mokua, ambaye neno kompyuta humlainisha, akaegesha. Mama akashuka na kigoda. Fundi akaomba ufunguo, akaleta kimashine chenye waya, akazunguka gari mara mbili akitafuta pa kuchomeka. Gari letu lilitengenezwa enzi ambazo kompyuta ilijaza chumba. Hatimaye akachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Taa ikawaka kijani. Akasoma kwa muda mrefu kama anayesoma barua ya msiba.

"Kompyuta inasema gasketi ya silinda."

"Unaona!" Mokua akaniambia.

"Na difu ya mbele."

Nikamtazama Mokua. Mokua akanitazama. Hata yeye hapo alielewa yule fundi wa Kericho alikuwa akimpigia simu nani. Gari jeupe lenye mapazia ya maua, linalobeba bibi mwenye kigoda, si gari unaloweza kulificha kwenye kaunti mbili.

"Fundi, nipe ufunguo wangu," Mokua akasema.

"Ufunguo unabaki, mzee. Ni usalama. Mimi naenda Kericho kuleta spea, nyinyi mngoje hapo. Siwezi ruhusu watu waondoke na gari imekufa, mkipata ajali itakuwa mimi."

Akautia mfukoni. Mokua alianza kumweleza sheria. Mimi nilianza kupiga kelele, na ninyi mnajua kelele zangu. Yule bwana alisimama tu, mkono mfukoni. Saa zilikuwa zinakwenda, na mawingu yalikuwa yameshaanza kupanda juu ya chai.

Mama akainuka. Akachechemea mpaka mbele ya fundi, akamwangalia vizuri, akamuuliza kwa Kipsigis, polepole, kwa upole kabisa.

"Wewe ni wa nani, baba?"

Fundi akataja ukoo.

"Na mama yako ni nani?"

Akasita. "Rebecca."

"Rebecca. Si ndiye ana dada mwalimu?"

"Ndiye, Kogo." Sauti ilikuwa imepungua.

"Yuko?"

"Yuko, Kogo."

"Basi vizuri. Nikitoka hospitalini nitapitia kwake nimsalimie. Nitamwambia nilikuona. Nitamwambia nilikuona kazini, na jinsi ulivyonisaidia."

Hakumtisha, hakumlaani, hakuinua hata kidole. Yule mwanamume akatoa ufunguo kama uliokuwa unamchoma, akampa kwa mikono miwili, na akatusaidia kumpandisha garini. Akafunga mlango taratibu.

Tulipokuwa tumefika mbali nilimuuliza Mama amemjuaje Rebecca.

"Simjui," akasema. "Kila mahali kuna Rebecca, na kila Rebecca ana dada mwalimu."

Kutoka mbele, Mokua akasema, "Mama Moraa, mwambie Kogo ahsante." Nilitafsiri kwa moyo wote.

Litein mpaka Mogogosiek

Ingekuwa hadithi ya watu wenye akili, tungenyoosha moja kwa moja mpaka Kapkatet, maana kutoka Litein ni karibu. Lakini tuliposimama Litein kwenye foleni nikachungulia chini, na lile tone la kijivu lilikuwa bado linadondoka. Waongo wawili walikuwa wamesema gasketi, lakini tone lenyewe halikuwa la uongo. Mokua alikuwa anatoka jasho.

Kando yetu kulikuwa na lori la majani chai limesimama, dereva anakula ndizi mbivu dirishani. Nikamuuliza kama anajua fundi ambaye si mwizi. Alicheka mpaka ndizi ikamtoka.

"Mama, usitafute fundi wa magari ya watu. Tafuta fundi wa malori ya chai. Majani mabichi hayangoji. Lori ikikwama masaa mawili, majani inachemka huko nyuma, inaharibika, na wakulima wanakuja na fimbo. Fundi akidanganya dereva wa chai, hamalizi wiki. Nendeni Mogogosiek, muulize Kwamboka."

Katika safari nzima hilo ndilo neno la maana nililopewa, nami nawapa bure: tafuteni fundi wa kitu kisichoweza kungoja.

Mvua ilikuwa imekwishaanza. Barabara ya kuingia ndani ilikuwa tope, na kwa kilomita kadhaa tulifuata trekta moja lisilokuwa na haraka na maisha. Wachumaji walikuwa wanatoka mashambani na vikapu mgongoni, wamejifunika nailoni, wakatupungia mikono kwa sababu ya mapazia. Mama naye akawapungia kama gavana.

Kwamboka tulimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo ilionekana, katika gambuti za kijani. Alipotoka tukaona mwanamke wa umri wangu, amejaa grisi mpaka kwenye nyusi. Nikapumua. Mokua, aliyetambua jina la kwao tangu Litein, akamrukia kwa Kikisii, na wakaulizana nyumbani ni upande gani mpaka nikakohoa.

Akarudi kwenye Kiswahili. "Haya. Nani amewaambia ni gasketi?"

"Mafundi wawili," Mokua akasema. "Hata mimi nilikuwa nimesikia mlio."

Kwamboka hakushika spana. Alivuta kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwenye tambara, akatuonyesha. "Oili ikiingia maji inakuwa kama chai ya maziwa. Hii ni nyeusi. Iko sawa." Kisha akalala chini, akatoka, akasimama akijikuna shingo. "Injini yenu iko wapi?"

"Mbele, chini ya viti," Mokua akajibu.

"Na hii maji inadondoka nyuma ya katikati. Hiyo injini yenu iko na mkia?"

Akachovya kidole kwenye tone. Akanusa. Akaonja. Mokua akamwita Mungu kwa Kikisii, "Nyasae!" Kwamboka akaonja tena, akafumba macho.

"Mmebeba nini ndani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliingia garini, nikavuta pazia, nikafungua kabati chini ya kitanda. Kibuyu cha Mama kilikuwa kimelala ubavu kama nilivyokilaza mimi mwenyewe, kwa sababu wima hakikuingia, na lile tuta la Londiani lilikuwa limekitia ufa. Mursik ilikuwa imepita kwenye tundu la bomba la sinki, ikateremka kwenye vyuma vya chini, nyeupe ya maziwa na nyeusi ya mkaa wa senetwet, mti tunaosugulia vibuyu, kijivu safi cha gasketi iliyoenda. Kibuyuni kilikuwa kimebaki kama kikombe kimoja.

Nilitoka nacho nimekikumbatia. Mama akapitisha kidole kwenye ufa.

"Ulisema iko salama."

"Nilisema, Mama."

"Harufu yote hiyo! Na mimi nimemwekea mwanamume wa watu dhambi ya soksi kwa siku mbili!"

Nililazimika kutafsiri. Mokua akageukia ukuta wa banda, mabega yakaanza kutikisika, na Mama akajifunika uso kwa leso, na nikaona wote wawili wanacheka, kila mmoja upande wake, kwa heshima. Kwamboka alicheka hadharani kwa niaba yao. Hakutaka malipo yoyote. Alisema tangu aanze ufundi hajawahi kuonja gari tamu hivyo. Barabara ilikuwa tope na giza limeingia, hivyo Mama alilala kwake usiku huo, nasi tukaegesha kwenye banda la malori.

Kapkatet

Alhamisi asubuhi tulifika mapema. Mama Mkubwa alikuwa ameketi kitandani wodini, amevaa gauni la upasuaji, mikono amefunga kifuani. Muuguzi alipotuona alisema, "Ahsante Yesu," kwa sauti.

Wale wazee walishikana mikono na kuulizana habari za ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina. Nilijua ndivyo watakavyofanya. Kisha Mama akatoa kile kikombe kimoja cha mursik. Muuguzi akaruka. "Kogo, hapana! Haruhusiwi kunywa kitu mpaka atoke!" Mama Mkubwa akakipokea hata hivyo, akakiweka chini ya pua, akavuta pumzi ndefu mara mbili, akakirudisha.

Nilidhani sasa atakubali. Hakukubali. Aliangalia dirishani, lililotazama uwanja wa magari.

"Mtaondoka lini?" akauliza.

Mama akanitazama. Tulikuwa tumepanga kurudi Ijumaa. Ng'ombe, kuku, na wewe jirani ulikuwa umeahidi siku tatu tu.

"Wanangu walikuja Jumapili kutoka Nairobi," akasema. "Walileta juisi. Injini hawakuzima. Si kupasuliwa naogopa. Naogopa kuamka nikute juisi."

Mimi nikaanza kumnyoosha shuka. Ndipo nikamsikia Mokua. Alikuwa amesimama nje ya mlango akiutazama ukuta, maana sasa mama wakwe walikuwa wawili.

"Mama Moraa, mwambie Mama Mkubwa hatuendi mahali. Gari limekufa. Gasketi ya silinda imeenda."

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaufungua tena, nikatafsiri.

Mama Mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Mama akasema, macho makavu. "Oili imechanganyika na maji. Niliiona mimi mwenyewe, ya kijivu."

"Mwambie pia difu ya mbele," Mokua akaongeza kutoka nje.

"Fundi anasema siku ngapi?"

"Wiki mbili," nikasema, na hilo nilitunga mwenyewe, hakuna aliyenituma. "Spea inatoka mbali."

Mama Mkubwa alifikiri. Akaniambia nimwambie mkwe pole kwa gari lake. Halafu akalala chali, akanyoosha miguu, akamwambia muuguzi waende, anangoja nini.

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini siku mbili za kwanza alikuwa anaelea tu, anazungumza na dada zao waliokufa. Mama aliketi hapo hapo kando ya kitanda, kwenye kigoda chake, na alipochoka nilimpokea. Siku ya tatu Mama Mkubwa akafungua macho vizuri, akatutambua, akaomba maji ya kulowesha midomo.

"Fundi amekuja?" akauliza.

"Bado," nikamwambia.

"Vizuri," akasema, akageukia ukuta akalala.